Ukisimamishwa na Polisi, Usikimbie

Vijana wenzangu wa Mkuu,

Mnajua siku ya soko inavyokuwa. Gari la polisi likitokea tu, mmoja anarukia mtaroni, mwingine anaingiza pikipiki migombani. Ukiwauliza baadaye, wengine hawana kosa lolote. Ni woga tu, na woga huo unavunja miguu. Tena ukikimbia, umempa askari sababu ya kukushuku.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inakulinda. Anayekukamata akueleze kosa lako. Msichana apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha. Omba kuwasiliana na ndugu au wakili. Kama haiwezekani kukufikisha mahakamani ndani ya saa 24, na kosa si zito, utolewe kwa dhamana. Na dhamana haiuzwi!

Kuwa na kondomu mfukoni si kosa. Kama unatumia dawa za kifua kikuu au ARV, sema mapema uletewe, usikose dozi.

Basi simama, salimia, uliza kwa adabu: "Afande, kosa langu nini?"

Haya, nani ana swali?