Redio ya Mkononi au Redio ya Gari: Tuchague Ipi?

Maelezo yaliyotolewa Kampala kwa madereva, wahudumu wa redio na wafanyakazi wa jamii



Nimeombwa nizungumze juu ya swali ambalo vikundi vyenu vimeuliza zaidi ya mara moja. Fedha zikiwa kidogo, tununue redio za mkononi, zile mnazoziita redio koli, au tununue redio ya kufunga garini? Siku hizi swali limeongezwa jingine: je, iwe ya dijitali? Nitawajibu hasa ninyi mnaojifunza redio ya ridhaa, yaani ile ya watu wanaojitolea bila biashara. Lakini kanuni ni zilezile kwa redio za shirika.

Kabla ya redio, leseni. Sheria ya mawasiliano ya Uganda ya mwaka 2013 inataka anayerusha mawimbi awe na leseni, na mwenye mamlaka hiyo ni Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC. Mwenye leseni ya ridhaa hupewa jina lake la hewani, ambalo kwa Uganda huanza na 5X. Masafa ya ridhaa si ya kuendeshea kazi za kila siku za shirika; shirika lina masafa yake. Usikubali kubebeshwa redio bila karatasi. Mtu anayekutwa njiani na chombo cha kurushia asichoweza kukieleza hujitafutia mashaka, na mkimbizi huulizwa maswali mengi kuliko wengine.

Sasa tuje kwenye nguvu. Redio ya mkononi hutoa wati 5 hivi. Ya gari hutoa wati 25 hadi 50. Wengi husikia hesabu hiyo wakadhani ya gari itafika mbali mara kumi. Sivyo. Hata mahali peupe kabisa, nguvu ikizidi mara kumi, umbali huzidi kama mara tatu tu. Kilima kikisimama katikati, hata hiyo haipatikani. Mawimbi ya VHF na UHF husafiri karibu kama mwanga. Yanataka antena zionane. Watu wawili waliosimama kwenye uwanda, kila mmoja na redio mkononi, wasitarajie zaidi ya kilomita 10. Penye nyumba, miti na mabonde, mara nyingi ni chini ya nusu ya hapo. Lakini mmoja akipandisha antena yake kwenye mlingoti wa mita 30, hesabu hupanda hadi kilomita 27 hivi.

Mji huu wa Kampala unafundisha somo hilo vizuri. Aliye juu ya kilima cha Kololo na redio ndogo ya wati 5 atasikika mbali kuliko aliye bondeni Katwe au Kisenyi na redio ya wati 50. Si bure kwamba minara ya redio na televisheni imesimamishwa Kololo. Kwa hiyo, kabla ya kuongeza wati, ongezeni urefu wa antena.

Jambo la pili ni antena yenyewe. Redio ya mkononi huja na antena fupi ya mpira, ambayo ni rahisi kubeba lakini hupoteza nguvu nyingi. Antena nzuri ya robo wimbi kwa masafa ya megahezi 145 ina urefu wa sentimita 50 hivi. Ikisimama katikati ya paa la gari, bati la paa huisaidia kufanya kazi. Tena, anayesemea redio ya mkononi akiwa ndani ya gari amejifungia ndani ya sanduku la chuma. Ashuke, asimame penye uwazi, au aunganishe antena ya sumaku juu ya paa. Antena hiyo hugharimu kidogo kuliko redio mpya, na mara nyingi hutosha kumaliza malalamiko.

Jambo la tatu ndilo linalosababisha ugomvi mwingi, nalo ni hili: kituo chenye wati 50 kinasikika na redio ya mkononi, lakini redio ya mkononi haisikiki kituoni. Tuseme mhudumu wa afya yuko zamu usiku na mama mwenye uchungu wa kuzaa anahitaji gari. Kituo kinamwita, naye anasikia kila neno. Anajibu, jibu halifiki. Kituoni wanasema amelala. Yeye anasema wamempuuza. Hakuna aliyelala wala aliyepuuza. Nguvu imeongezwa upande mmoja tu. Antena iliyoinuliwa husaidia pande zote mbili, kusema na kusikia. Wati husaidia kusema tu. Mnaosimamia fedha, lishikeni hilo.

Jambo la nne ni umeme. Redio ya gari ya wati 50 hula kama ampea 10 au zaidi wakati wa kusema. Ifungwe moja kwa moja kwenye betri ya gari kwa waya mnene wenye fyuzi, si kwenye tundu la kuwashia sigara. Usibonyeze kitufe cha kusemea kabla antena haijaunganishwa, maana redio inaweza kuungua. Redio ya mkononi haihitaji gari, lakini betri yake inaisha. Yule anayezungumza mno ataimaliza mapema; anayesikiliza zaidi atafika jioni. Kila redio ya mkononi iwe na betri ya pili, na pawe na mahali panapojulikana pa kuchajia.

Je, dijitali? Ina faida. Katika mfumo wa DMR, chaneli moja ya kilohezi 12.5 hubeba mazungumzo mawili kwa zamu za milisekunde 30. Kwa kuwa redio hurusha nusu tu ya muda, betri hudumu zaidi. Sauti nayo hubaki safi mpaka ukingoni. Lakini tatizo liko hapo hapo ukingoni. Redio ya zamani ikizidiwa na umbali, sauti huchakaa polepole, na mwenye sikio zuri bado hushika neno “damu” au “gari”. Ya dijitali hukatika ghafla, kimya. Vilevile mifumo haisikilizani: mwenye DMR hamsikii mwenye D-STAR, wala mwenye C4FM. Kikundi kikichagua dijitali, wote wachague mfumo mmoja, na kila redio iwekewe pia chaneli moja ya kawaida ya FM kwa dharura.

Jihadharini pia na dijitali inayopitia intaneti. Ni jambo zuri kusikia mtu wa Ulaya kwa redio ndogo, lakini sehemu kubwa ya safari hiyo si ya redio. Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini Uganda kwa siku kadhaa. Redio inayotegemea intaneti hunyamaza siku kama hizo, nazo ndizo siku za kuihitaji.

Na tafadhali, dijitali si siri. Yeyote mwenye redio ya mfumo huo anaweza kusikiliza, na katika redio ya ridhaa kuficha maana ya maneno hakukubaliwi. Kwa hiyo msitaje hewani jina la mgonjwa, nyumba ya mtu anayetafutwa, wala namba ya kadi ya familia. Kuna watu waliokimbia kwa sababu jina lao lilitajwa mahali pabaya. Semeni: “Mgonjwa mmoja, mtu mzima, anahitaji gari, kituo cha afya.” Inatosha.

Msidanganyike vilevile juu ya umbali. Kutoka Kampala hadi Nakivale ni zaidi ya kilomita 200 kwa mstari ulionyooka. VHF ya mkononi au ya gari haifiki huko moja kwa moja. Kwa safari hiyo kuna redio ya HF, ambayo mawimbi yake hupanda angani yakarudi chini. Hilo ni somo la siku nyingine.

Sasa uchaguzi. Jiulizeni maswali matatu. Nani ataibeba? Atakuwa amesimama wapi anaposema? Umeme utatoka wapi? Anayetembea kwa miguu nyumba hadi nyumba apewe ya mkononi. Dereva wa gari la wagonjwa afungiwe ya gari. Na kama fedha ni za redio moja tu ya kuanzia, ushauri wangu ni huu: nunueni ya gari, lakini msiifunge garini. Iwekeni ofisini pamoja na betri ya volti 12, paneli ya jua na antena juu ya mlingoti. Hicho ndicho kituo cha kusikiliza. Redio tano za mkononi bila kituo ni watu watano wanaoitana vichakani. Kituo kikishakuwepo, kila redio ya mkononi mtakayoongeza itapata mtu wa kuijibu.

Mwisho, pangeni zamu ya kusikiliza, usiku na mchana, na iandikwe ukutani ni nani yuko zamu. Redio iliyowashwa bila mtu karibu ni sawa na iliyozimwa.

Sasa nitapokea maswali, na wahudumu wa usiku waanze.