Alama Moja ya Mahali: Kilungu, Zanzibar na Somo la Kiswahili



Ukiteremka kutoka vilima vya Kilungu hadi barabara kuu ya Mombasa, huendi mbali kabla ya kufika mji wa Sultan Hamud. Mji huo una jina la Hamud bin Mohammed, Sultani wa Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902, miaka ambayo reli ilipita hapo ikielekea Nairobi. Watoto wa Kilungu hulisikia jina hilo likiitwa na makondakta wa matatu. Ni wangapi wamewahi kuulizwa darasani Sultani huyo alikuwa nani, na watu wake waliishi vipi?

Tukitaja kujifunza utamaduni wa nchi nyingine kupitia lugha, mawazo hukimbilia Kifaransa na Kijerumani. Lugha hizo zina nafasi yake, na hufurahi nionapo watoto wa vijijini wakighani mashairi ya Kifaransa kwenye tamasha za muziki. Lakini shule nyingi hazina mwalimu wa lugha hizo, na Kiswahili kinafundishwa kila shule. Hoja yangu ni kwamba mwanafunzi wa Kilungu hukutana na nchi ya wengine kwanza katika somo la Kiswahili, nasi walimu humpitisha mbio bila kumwachia nafasi ya kutazama.

Chukueni Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar, iliyochapishwa 1980 na kutahiniwa katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne wa Kenya, kwa miaka kadhaa. Bwana Maksuudi anamfungia bintiye Maimuna ndani ya nyumba. Katika karatasi ya tatu, ile ya fasihi, swali tulilolizoea ni "Eleza muktadha wa dondoo hili", alama nne. Tumewakaririsha watoto: msemaji, msemewa, mahali, sababu. Mahali ni alama moja. Mtoto akiandika "nyumbani kwa Maksuudi" amekwisha kuipata, na mwalimu anaendelea na dondoo jingine. Nyumba yenyewe ikoje, hakuna aliyeuliza.

Na nyumba hiyo ndiyo somo lenyewe! Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar zina baraza ya mawe nje, ukutani, ambako mwenye nyumba huketi na wageni wa kiume. Ndani mna ua, na maisha ya wanawake yalipita humo, mbali na macho ya wapita njia. Mwalimu aichore nyumba hiyo ubaoni. Kisha wanafunzi wachore boma la babu zao, pamoja na thome, pale nje ya lango ambapo wazee waliota moto na wavulana wakafunzwa mambo ya utu uzima. Maswali yatakuja bila kuitwa. Mbona kwao na kwetu wanaume ndio walioketi nje? Msichana wa Kilungu anayepanda kilima na maji mgongoni, amejitwika kwa mukwa, ule ukanda upitao kichwani, Maimuna angemwonea wivu au angemhurumia? Mtoto aliyejadili swali hilo na wenzake hatakuwa mwepesi wa kudai kwamba ni dini ya Kiislamu iliyomfungia Maimuna. Atauona ubabe wa Maksuudi kwa baba anaowajua mwenyewe, Wakamba na Wakristo kama yeye.

Wapo wazazi wanaohofu kwamba mtoto akizama katika desturi za wengine ataupoteza Ukamba wake. Naiheshimu hofu hiyo, ila historia ya Wakamba inaipinga. Katika karne ya 19 misafara yao ilipeleka pembe za ndovu hadi pwani, na baadhi yao wakalowea Rabai. Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza uchongaji Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaurudisha kwao. Leo nani atathubutu kusema vinyago vya Wamunyu si vya Wakamba?

Riwaya na tamthilia zinazosomwa sasa kwa KCSE, Nguu za Jadi ya Clara Momanyi na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, zimeandikwa na Wakenya. Ni kazi nzuri. Lakini mwanafunzi anamaliza kidato cha nne bila kusoma riwaya wala tamthilia ya Mtanzania, na hiyo ni hasara. KCSE inafikia ukingoni 2027, na Gredi ya 10 ya mtaala mpya imeanza 2026. Naiomba Taasisi ya Ukuzaji Mitaala irudishe walau kitabu kimoja kutoka ng'ambo ya mpaka, na watahini waongeze alama za mahali.

Walimu wa Kilungu, ninyi hamhitaji kusubiri. Fasihi simulizi tayari inadai utafiti wa nyanjani. Tafuteni shule moja ya Unguja muandikiane. Wanafunzi wawarekodi nyanya zao kwa simu wakisimulia miviga ya ndoa, wapeleke rekodi hizo, na waulize yote wanayotaka kujua kuhusu ua na baraza. Wenzao nao wataleta maswali, na baadhi yatawarudisha watoto wetu kwa nyanya zao kuuliza upya.