Nyavu Zijaapo na Bahari Ipunguapo

Mwezi wa Julai 1992 serikali ya Kanada iliharimisha uvuvi wa chewa wa bahari baridi karibu na kisiwa cha Newfoundland, na watu wapatao 30,000 wakakosa kazi. Yawezekanaje bahari kufilisika, hali daftari za meli kubwa zilikuwa zikionyesha neema?

Jawabu, kwa rai yangu, limo katika tabia ya manahodha. Miongoni mwa vipimo vya wingi wa samaki walivyotegemea wataalamu ni kugawa uzito wa samaki kwa saa za kukokota nyavu, lakini nahodha haendi kubahatisha (na nani angebahatisha, mafuta yakiwa ghali?), bali huelekea palipo na kundi, akiongozwa na mitambo ya mawimbi ya sauti, na chewa hao, kadiri walivyopungua, ndivyo walivyozidi kujikusanya, hata nyavu zikajaa kama ada ilhali sehemu kubwa ya bahari ilikwisha kuwa tupu. Wavuvi wadogo wa pwani, wangojao samaki mitegoni, walilalamika tangu miaka ya 1980, wala hawakusikizwa ipasavyo.

Kwa upande wa pili, haifai kuzitupa hesabu za meli, kwani safari za utafiti zina gharama kubwa na huwa chache.

Basi swali ni hili: samaki wakiadimika mitegoni mwa mnyonge na kufurika nyavuni mwa tajiri, ni ushahidi wa nani utakaotangulizwa?