Saratani Inapoigomea Dawa
Mazungumzo mbele ya vikundi vya kujisaidia, Likoni



Leo tunazungumza juu ya jambo lililotugawanya chamani. Mwenzetu mmoja alikuwa na uvimbe wa titi. Alianza dawa za kemotherapi, akaenda mara mbili, uvimbe ukapungua. Nauli ikamshinda, na mwenyewe akasema, "Si nimepona?" Akaacha. Uvimbe uliporudi, dawa zile zile hazikuufanya kitu. Ndipo mtu akatuletea habari ya "dawa ya jeni" inayouzwa kwa simu, akataka tutoe fedha zote za mzunguko tuinunue. Tukasema, ngojeni kwanza, tuulize. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Saratani ni chembe za mwili wetu wenyewe zilizoacha kufuata utaratibu, zikawa zinazaana ovyo. Kemotherapi ni dawa za kuua chembe zinazozaana haraka. Dawa hizi si ngeni Afrika Mashariki. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya uliowaua watoto. Katika miaka ya 1960 watoto wa Kampala na Nairobi walipewa kemotherapi, na baadhi yao wakapona kwa dawa peke yake. Lakini kwa wengine uvimbe ulirudi, na mara hii ukaigomea dawa.

Kwa nini hugoma? Fikirini mashua inayovuja. Mabaharia wakifua maji upesi, haizami. Kumbe chembe nyingine za saratani nazo zina pampu ndogo ndogo zinazoitoa dawa nje kabla haijafanya kazi. Dawa ikija, chembe zenye pampu chache hufa. Zenye pampu nyingi hubaki, na ndizo zinazozaana. Maagizo ya kutengeneza pampu hizo yamo katika jeni, yaani maandishi ya urithi yaliyo ndani ya chembe.

Mwaka 2012 Jennifer Doudna wa Marekani na Emmanuelle Charpentier, Mfaransa, pamoja na wenzao, walieleza njia ya kukata jeni mahali panapotakiwa, kama fundi cherehani na mkasi wake. Mwaka 2020 walipewa Tuzo ya Nobel. Watafiti wameutumia mkasi huo maabarani kukata jeni ya pampu katika chembe sugu za saratani. Pampu zikapungua, dawa ikakaa ndani, chembe zikafa. Huko Delaware, Marekani, taasisi ya ChristianaCare imekata jeni nyingine, NRF2, inayozikinga chembe za saratani ya mapafu. Katika panya, dawa ilifanya kazi vizuri zaidi.

Sasa mtauliza, mbona hatupewi? Ni kwa sababu kuufikisha mkasi huo kwa kila chembe ya uvimbe ndani ya mtu ni kazi ngumu mno. Tena pampu hizo hizo hulinda matumbo na ubongo wetu. Ugonjwa wa selimundu umetangulia: mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba ya namna hii, maana chembe za kutengeneza damu huweza kutolewa, zikarekebishwa, zikarudishwa mwilini. Uvimbe wa titi hautengenezwi hivyo. Basi anayekuuzia dawa ya jeni kwa simu anakuibia.

Je, sisi tufanye nini?

Kwanza, ukiona uvimbe, nenda hospitali mapema. Chembe zikiwa chache, zilizo sugu nazo ni chache.

Pili, ukianza dawa, usiache kwa sababu uvimbe umepungua. Kupungua si kwisha. Ukizidiwa na kutapika au udhaifu, mwambie daktari, usijifiche nyumbani.

Tatu, tusimlaumu mgonjwa. Wapo waliofuata kila tarehe ya kliniki na saratani ikagoma vile vile. Dawa moja ikishindwa, daktari huweza kujaribu nyingine.

Nne, fedha za chama ziende panapofaa. Kuvuka feri kwa miguu ni bure, lakini matatu ya kufika feri, na ya kutoka feri hadi hospitali, si bure. Mgonjwa aliyechoka hawezi kutembea.

Sisi tumeamua hivi: kila mkutano, sehemu ya mchango inawekwa kando iwe nauli ya kliniki, na wanachama wanapeana zamu ya kumsindikiza mgonjwa. Mwenzetu amerudi hospitali, na amebadilishiwa dawa. Jumatatu ni zamu ya Mtongwe. Tukutane stejini mapema, tusimwache avuke peke yake.