Visiwa vya Nchi Kavu



Kisiwa cha Aldabra, Shelisheli, kiliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1982. Kobe wake wakubwa wanalindwa na sheria, na bahari pia inawakinga.

Sisi wa Kilosa na Mikumi tunavyo visiwa vyetu: misitu ya milima ya Rubeho na Ukaguru, iliyozungukwa na nyanda kavu. Kwale wa Rubeho, ambaye wanasayansi walimtofautisha na jamaa yake wa Udzungwa mwaka 2005, hawezi kuhamia mbugani Mikumi. Moto wa shamba ukipanda mlimani, hana pa kukimbilia. Nasi tunategemea misitu hiyo: Mto Mkondoa hupokea maji kutoka huko.

Basi kabla ya kuchoma, tufyeke njia ya kuzuia moto, tuwaite na majirani.