Nta ya Gari si Urembo

Ndugu wasikilizaji, wengi wetu hapa Dar es Salaam magari yetu tumeyanunua kwa jasho, yakiwa yamekwisha kutumika Japani. Injini tunaihudumia, lakini rangi tunaiacha iliwe na jua na chumvi ya upepo wa bahari. Mimi nashauri tuipake nta, ila tuchague kwa makini.

Dukani nta na polishi hukaa rafu moja, wala si kitu kimoja. Polishi ya kukwangua hupunguza rangi yenyewe. Ukiitumia kila mwezi utaimaliza. Nta hukaa juu ya rangi, ikaumia badala yake. Ya karnauba hutokana na majani ya mti wa Brazili wa jamii ya mitende. Ya kiwandani kwa kawaida hudumu zaidi.

Osha gari, likaushe, lipake kivulini bodi ikiwa imepoa. Tumia sponji, nta kidogo, sehemu kwa sehemu. Ikifanya ukungu, futa kwa kitambaa laini. Siku maji yasipojikusanya tena matone juu ya bodi, rudia. Sabuni ya unga iacheni kwa nguo, maana huondoa nta.

Rangi ikishabanduka, ndugu zangu, hakuna nta itakayoirudisha.