Metali, Gando la Kaa na Bakteria Sugu

Mwaka 1952 mkemia Francis Dwyer wa Australia na wenzake walitangaza kwamba kampaundi za rutheni, metali ya jamii moja na chuma, zaweza kuzuia bakteria kukua. Habari hiyo haikuvuma. Zama hizo dawa za viuavijasumu zilikuwa zikigunduliwa mfululizo, na watengenezaji hawakuona haja ya kutafuta kwingine. Dwyer alifariki dunia mwaka 1962.

Dawa hizo sasa zinashindwa. Mwaka 2019 pekee, usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo vya watu wapatao milioni 1.27 duniani.

Msikilizaji asidhani kwamba mgonjwa hulishwa metali tupu. Mkemia huchukua chumvi ya metali, tuseme ya shaba au kobalti, akaichemsha katika kimiminika pamoja na molekuli zenye naitrojeni au oksijeni. Molekuli hizo huibana atomu ya metali kama gando la kaa. Na kwa hakika jina la kitaalamu la mbano huo, kelate, latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gando. Kimiminika kikipoa hubaki fuwele, aghalabu zenye rangi za kupendeza. Fuwele humulikwa kwa miale ya eksirei ili ijulikane kila atomu imekaa wapi.

Ndipo huja jaribio lenyewe: ni kiasi gani kidogo kabisa kitakachozuia bakteria kukua? Na je, kiasi hicho hakitaziua chembe za binadamu pia? Kuua bakteria si kazi ngumu, hata sabuni yaweza. Kazi ni kumwacha mgonjwa hai.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ambao walikuwa wakipima bila malipo kampaundi zilizotumwa na wakemia wa nchi mbalimbali, walitoa matokeo ya kampaundi 906 zenye metali. Kampaundi 88 zilizuia angalau aina moja ya bakteria au kuvu bila kudhuru chembe za binadamu zilizojaribiwa. Hiyo ni takribani asilimia 10, ilhali kwa zisizo na metali haikufika hata asilimia 1.

Lakini hayo yalitokea ndani ya vyombo vya maabara. Mwilini kuna damu, na protini zake zaweza kuipokonya kampaundi metali yake kabla haijawafikia bakteria.